Mistari Saba ya Sagari

Katika ofisi ile ya kamusi palikuwa na mzaha wa siku nyingi: ukitaka jina lako liingie kitabuni, ama ufe kishujaa ama utiririke mbali. Mashahidi wa dini na majemadari waliingia kwa mlango wa kwanza, mito ikaingia kwa wa pili. Sagari aliingia kwa milango yote miwili. Kulikuwa na Sagari mto, waliouita hivyo watu wa kale kule Asia Ndogo, unaomwaga maji yake Bahari Nyeusi. Na kulikuwa na Sagari askofu wa Laodikia, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake katika karne ya pili, enzi ambazo kuwa Mkristo peke yake kungeweza kumtoa mtu roho. Wote wawili walikaa droo moja. Mto ulikuwa na kadi kumi na moja zilizofungwa kwa uzi. Askofu alikuwa na kadi moja, na hiyo moja ilikuwa na mistari mitatu tu.

Mwenye droo hizo aliitwa Bi Kadi. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini kasoro kidogo, mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na kadi hizo alikuwa amezitunza kwa miaka thelathini na minane. Wahariri walikuja na kuondoka, wengine kwa kupandishwa vyeo na wengine kwa kufukuzwa, yeye yupo. Hakuwa mwandishi. Kazi yake ilikuwa moja: hakuna neno lililotoka ofisini kwenda kwa mpiga chapa mpaka yeye alipigie muhuri wake mdogo wa mbao, ambao watu walidai huenda nao hata msalani. Na kabla ya kuupiga alikuwa na swali lake lilelile kwa kila mtu, awe mkubwa au mdogo: "Umeona kwa macho yako?" Maana yake, hiyo habari umeisoma mwenyewe kitabuni, au umesimuliwa na mtu aliyesimuliwa? Ukijibu "nadhani," anakurudishia karatasi yako bila kukuangalia. Profesa mmoja aliwahi kurudishiwa karatasi mara nne kwa ajili ya tarehe ya kuzaliwa ya mfalme, na mara ya tano alikuja na tarehe nyingine kabisa, ametahayari. Watu waliochukia ukali huo walikuwa wengi, lakini hapakuwa na aliyewahi kumkuta amekosea, na mtu wa namna hiyo hata adui zake humvulia kofia.

Miongoni mwa waliomvulia kofia, wa kwanza alikuwa Koma. Huyu alikuwa msahihishaji, baba wa watoto wawili. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, alipokuwa hapitishi sentensi bila kuitia alama ya mkato, hata Mhariri Mkuu akamtupia karatasi zake mezani na kumfokea, "Wewe, koma!" Ofisi nzima ikaangua kicheko na jina likaganda. Ni Bi Kadi peke yake ambaye hakucheka siku ile. Alivuta kiti, akakaa naye saa mbili nzima, akamwonyesha mkato mmoja mmoja ni upi unafanya kazi na upi umekaa bure. Tangu hapo Koma alimwita mama, naye akaitwa mwanangu, na hawakuwa wakiitana hivyo kwa adabu ya mdomoni tu.

Sasa mwaka huo kamusi ilikuwa inatoka kwa chapa mpya, na Bi Kadi alikuwa anastaafu. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kuandika jina moja tu katika ukurasa wa mbele, la Mhariri Mkuu. Safari hii, baada ya kuombwa na kusihiwa na wafanyakazi wote, Mhariri Mkuu alikubali chini ya jina lake uongezwe mstari mmoja: Imehakikiwa na, kisha majina matatu ya Bi Kadi, kamili. Bi Kadi alijifanya hajali. Lakini Koma alimsikia kwenye simu akimweleza dada yake, "Herufi ndogo, dada, ndogo tu, lakini zitasomeka," na wajukuu zake walikuwa wamekwisha ambiwa.

Kisa chenyewe kilianza Jumanne, kwenye ukurasa wa mia sita na kumi na nne.

Asubuhi hiyo Bi Kadi alikuwa ameomba ruhusa kwenda kwa daktari wa macho. Saa tatu na nusu mpangaji wa kurasa, ambaye wote walimwita Fundi Safu, akaingia akiwa ameshika ukurasa kwa ncha za vidole kana kwamba unanuka.

"Kuna shimo hapa," alisema. "Mhariri Mkuu kakata habari za madaraja ya mto, ukurasa umebaki na pengo la mistari saba. Nikinyoosha maneno lizibe, yatakaa kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza."

Mhariri Mkuu, aliyekuwa anapita na kikombe chake cha chai, alitupia jicho ukurasa ule. "Chini ya mto kuna nani?"

"Yule shahidi. Sagari mwenzake."

"Basi mpe yeye hiyo mistari saba. Mtu kauawa, hawezi kukosa habari. Koma, shughulikia. Gari la kupeleka kurasa kiwandani kwa mpiga chapa linaondoka saa sita kamili."

Koma alishughulikia, tena kwa moyo wote. Alifungua droo, akakuta ile kadi moja. Alishusha vitabu vya historia ya kanisa, akapekua faharasa zao, akapiga simu maktaba mbili. Kila mlango aliobisha ulimjibu yale yale: askofu, shahidi, Laodikia, karne ya pili. Hakuna aliyesema alikuwa mrefu au mfupi, alisema nini mbele ya wakubwa, aliuawa kwa upanga au kwa moto. Ilipofika saa tano kasorobo alikuwa hana hata nusu mstari, na kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka.

Hapo ndipo mtu mwema alipofanya jambo baya, na tuseme ukweli, hakulifanya kwa uvivu. Alimwonea huruma yule askofu. Juu yake mto umejinyoosha safu nzima, una vijito, una chanzo, una urefu wa kilomita, na chini yake mtu aliyetoa uhai wake amepewa nafasi ndogo kuliko tangazo la sabuni. Koma akachukua kalamu. Aliandika kwamba askofu aliitwa mbele ya liwali mara tatu, na mara zote tatu akajibu kwa upole. Aliandika kwamba asubuhi ya kuuawa alivua viatu vyake akampa askari aliyemlinda, kwa sababu askari huyo alikuwa pekupeku na njia ilikuwa na mawe. Alipomaliza kuhesabu ilikuwa mistari saba kamili. Aliisoma tena, akairudia, maana alikuwa ameitia chumvi mpaka yeye mwenyewe akaionja.

Bi Kadi alirudi saa sita kasorobo, macho yametiwa dawa, mekundu, anapapasa viti ili apate njia. Gari la kiwandani lilikuwa tayari linapiga honi chini.

"Nisomee, mwanangu," alisema. "Leo sioni hata kidole changu."

Koma akasoma. Alipofika penye viatu, Bi Kadi aliinua mkono.

"Rudia hapo."

Akarudia. Dawa ya macho ilikuwa inamchuruzika yule mama shavuni, au labda haikuwa dawa. Kisha akaingiza mkono mkobani, akatoa muhuri.

"Umeona kwa macho yako?"

Koma alikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi hiyo alikuja kuikumbuka baadaye, ilikuwa ndefu kabisa, ya kutosha kuvuta pumzi mara mbili. Honi ikalia tena.

"Nimeona, mama."

Muhuri ukagonga. "Nyuma ya kadi utaandika kitabu na ukurasa," alisema Bi Kadi. "Baadaye. Sasa kimbia."

Jumatano karatasi zikachapwa. Jumatano hiyo hiyo Koma hakuandika kitu nyuma ya kadi, wala hakuinua uso alipopita karibu na zile droo. Alijiambia ni mistari saba tu katika kitabu cha kurasa elfu moja, haina madhara, tena inamsifu marehemu. Mtu akianza kujihesabia sababu nyingi namna hiyo, ujue hata moja haijamridhisha.

Alhamisi Bi Kadi alikuja kazini mapema, macho yamepona, amevaa gauni ambalo kwa kawaida alilivaa harusini. Alimwekea Koma mezani faili la kijani lililochakaa pembe.

"Fungua."

Ndani mlikuwa na barua. Zilikuwa ishirini na mbili, zingine zimepigwa kwa mashine za zamani, zingine za mkono, kutoka maktaba, vyuo vya dini, na nyumba ya watawa. Zote zilijibu swali moja, na zote zilijibu kwa masikitiko. Tunasikitika kwamba zaidi ya jina lake na mahali alipofia. Tunasikitika kukuarifu. Tunasikitika.

"Kadi yake ndiyo ya kwanza niliyopewa kutunza nilipoanza kazi hapa," alisema Bi Kadi. "Nikiwa msichana mjinga. Nikamuuliza aliyenifundisha, mbona huyu kadi yake tupu? Akasema, tafuta basi. Nimetafuta miaka yote hii, mwanangu. Nilikuwa nastaafu nikijua nimeshindwa. Halafu wewe, kwa asubuhi moja!" Alicheka, akampiga begani kwa kofi la furaha. "Jana nimelala kama mtoto mchanga. Vile viatu! Hebu niambie, ni kitabu gani? Sikuulizi kwa kukupima. Nataka nikasome mwenyewe. Nikiuona huo ukurasa, nitakwenda nyumbani nimeshiba."

Koma alijishughulisha kulifunga lile faili. "Kipo... kilikuwa maktaba, mama. Nimeshakirudisha."

"Maktaba gani? Twende sasa hivi, nitaomba ruhusa."

"Kesho, mama. Leo wamefunga."

"Alhamisi?"

"Wana ukaguzi."

Njia ya mwongo ni fupi, na Koma alikuwa anaiona mwisho wake kutoka pale alipokaa. Bi Kadi alilichukua faili lake, akalikumbatia kifuani, akaondoka huku anaimba chini chini. Katika miaka kumi na miwili Koma hakuwahi kumsikia akiimba.

Jioni hiyo alikaa mbele ya chakula akakikoroga kikapoa. Mkewe, aliyekuwa muuguzi wa wodi ya watoto na asiyejua kubembeleza wagonjwa wakubwa, aliivuta sahani kutoka mbele yake.

"Unaumwa, au umeharibu kitu?"

Akamweleza yote.

"Kwa hiyo umemdanganya yule mama."

"Nilikuwa namsitiri yule askofu."

"Askofu alikutuma?" Alianza kukusanya vyombo. "Kesho, kabla yule mama hajaweka hata mkoba wake chini, umwambie. Ukingoja atafute mwenyewe, utakuwa umemuua mara mbili. Na usijitetee, nakujua. Sema tu, kisha unyamaze."

Ijumaa Koma alifika kabla ya mfagizi. Bi Kadi alipoingia na mkoba wake begani, alimkuta amesimama wima karibu na droo kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Mama, hakuna kitabu. Ile mistari niliitunga."

Bi Kadi aliweka mkoba chini taratibu.

"Yote?" aliuliza.

"Yote saba."

"Na viatu?"

"Na viatu, mama."

Hapo uso wake ukabadilika, na Koma akaona kwamba angevumilia kutukanwa kuliko kuutazama. Bi Kadi hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeletewa habari za mgeni wake kwamba hatafika tena. Alikaa. Koma akasahau onyo la mkewe, akaanza kujieleza na kujilaani kwa pamoja.

"Najua nimefanya nini. Mtu yule alikufa kwa sababu alikataa kusema neno moja la uongo, halafu mimi..."

"Hilo nalo umelipata wapi?" aliuliza Bi Kadi.

"Lipi?"

"Kwamba alitakiwa aseme neno la uongo, akakataa. Umelisoma?"

Koma alitikisa kichwa, hapana.

"Hatujui, mwanangu. Hata hilo hatulijui. Kuna jirani yake mmoja aliyemtaja, akasema amezikwa Laodikia, basi. Wewe hata ukitubu unatunga." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa. "Haya, nyanyuka. Twende kwa mkubwa."

Mhariri Mkuu aliwasikiliza akiwa anatia saini barua za mwaliko wa uzinduzi. Alipoelewa, aliweka kalamu chini akacheka.

"Mmeniogopesha! Nilidhani mfalme yuko hai tumemwandika marehemu. Sasa hapa nani atakayelalamika? Sagari?"

"Ni uongo," alisema Bi Kadi.

"Ni uongo mzuri. Mimi mwenyewe nimeusoma nikaupenda. Bi Kadi, karatasi elfu tatu zimeshachapwa, zinakauka. Mashine kuanzia Jumatatu ni ya vitabu vya shule. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Basi litoe jina langu mbele. Ukurasa huo bado haujachapwa."

Kicheko kilikatika. "Unanitisha?"

"Sikutishi, mkubwa. Nakuomba."

Koma aliona Mhariri Mkuu anamkodolea macho yule mama, anasubiri alegeze. Waliofanya kazi naye miaka mingi kiasi kile wangeweza kumwambia asijichoshe. Na Koma, ambaye usiku kucha alikuwa anatafuta namna ya kujikosha, akapata kitu cha kusema chenye maana kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Tubandike," alisema. "Tukate vipande vya karatasi nyeupe, tubandike juu ya ile mistari saba. Kwa mkono. Mimi nitafanya."

"Nakala elfu tatu?"

"Elfu tatu."

"Mnataka kitabu changu kivae kiraka!" Mhariri Mkuu alisukuma kiti nyuma. Lakini watu wawili walikuwa wamesimama mbele yake hawatoki. "Ijumaa ijayo asubuhi karatasi zinakwenda kushonwa. Zilizobandikwa zimebandikwa, zisizobandikwa zitakwenda hivyo hivyo. Na habari ya jina nitaiangalia mwenyewe."

Koma aliposikia hivyo alipata matumaini. Alijiambia: tukimaliza zote kabla ya Ijumaa, hatakuwa na sababu ya kulitoa.

Jumatatu wakapewa kona katika kiwanda cha uchapaji, kwenye meza ndefu nyuma ya mashine. Karatasi zenyewe zilikuwa pana kama shuka la kitanda cha mtoto, kila moja ina kurasa nane upande huu na nane upande wa pili, na ule wa mia sita na kumi na nne ulikaa pembeni chini. Bi Kadi alipima pengo kwa rula mara tatu, akakata kipande cha kwanza, akakijaribu, akakitupa, akakata kingine. Kikizidi kidogo kitaufunika mstari wa tatu, alisema, nao ni wa kweli. Kikipungua, mkia wa uongo utachungulia. Kipande cha nne kilikaa sawasawa, na hicho wakakifanya kipimo cha vingine vyote.

Kazi ilikuwa hivi: unapaka gundi kidogo kwa brashi nyembamba, kidogo sana, kwa sababu ikizidi karatasi inavimba, unaweka kipande kuanzia juu, unakipitishia kitambaa kikavu, unahamisha karatasi kwenye kamba ikauke. Mashine zilinguruma mchana kutwa mpaka wakizungumza ilibidi wapige kelele. Macho ya Bi Kadi yalichoka upesi, hivyo mara nyingi alifumba, akazipitia kingo za kiraka kwa ncha ya kidole, na kidole kikimwambia kimepinda anakibandua kabla hakijashika. Koma alijitahidi aende kasi. Alfajiri yuko pale, chakula cha mchana anakula kwa mkono mmoja. Siku ya kwanza walimaliza mia nne na hamsini, ya pili mia saba, ya tatu wakavuka mia nane. Wapiga chapa waliokuwa wanawacheka Jumatatu, ilipofika Jumatano walikuwa wanawachekea kwa namna nyingine, na mmoja wao akaleta kiti chenye mto akakiweka nyuma ya Bi Kadi bila kusema neno.

Wakati mwingine Bi Kadi alimfundisha Koma huku wanafanya kazi. Alimwambia kwamba kadi yenye mambo machache si kadi mbaya. Alimwambia kuwa alipokuwa kijana naye alishawishika: mwanamuziki mmoja hakuwa na mwaka wa kuzaliwa, naye akaukadiria, akauandika kwa penseli, akakaa nao siku mbili, halafu akaufuta. "Kumbe hata wewe!" alisema Koma. "Mimi ni nani nisijikwae?" alijibu. "Ila nilitumia penseli."

Alhamisi mchana zilikuwa zimebaki karatasi mia sita. Koma alikuwa amefanya hesabu yake, jioni wangemaliza, na moyo wake ulikuwa mwepesi kama si wake. Akaenda kuomba gundi kwa mpiga chapa mkuu. Kando ya mashine palikuwa na rundo lililofungwa tayari kupelekwa kwa washonaji, na juu ya rundo, ukurasa wa mbele wa kamusi. Jina la kitabu. Jina la Mhariri Mkuu. Chini yake, peupe.

"Hii imechapwa lini?" Koma aliuliza.

"Hiyo? Jumatatu asubuhi, kabla hatujaanza za shule. Mkubwa alituletea maagizo mapema."

"Bi Kadi anajua?"

Mpiga chapa alimshangaa. "Alisimama hapo hapo ulipo wewe. Aliichukua ya kwanza, akaisogeza dirishani, akaniambia wino umekaa vizuri."

Koma alirudi kwenye meza mikono mitupu. Bi Kadi alikuwa ameinama, anapitisha kidole kwenye kiraka.

"Mama, wamelitoa jina lako. Tangu Jumatatu."

"Najua. Gundi iko wapi?"

"Nakwenda kwake sasa hivi. Nitamwambia kosa ni langu, alitoe langu popote lilipo, anifukuze akitaka, lakini lako..."

"Kaa chini, Koma." Hakuwahi kumwita jina hilo hata siku moja. "Mimi ndiye niliyemwambia alitoe, na niliposema sikuwa nafanya mchezo. Nani alipiga muhuri? Macho yalikuwa hayaoni, nikapiga. Nilitaka sana liwe kweli, ndiyo maana. Kitabu hiki sikukihakiki chote. Siwezi kuandikwa nimekihakiki."

"Kwa mstari mmoja tu, mama? Baada ya miaka yote hii?"

"Saba," alisema.

Koma akakaa. Aliangalia zile karatasi zilizoning'inia kwenye kamba safu kwa safu, kila moja na kiraka chake cheupe pembeni, na hakuelewa. Siku nne alikuwa anabandika kwa ajili ya kumrudishia jina. Bi Kadi siku hizo nne alikuwa anabandika akijua halirudi, na hakupunguza hata kasi.

"Sasa tunabandika ya nini?" aliuliza.

Bi Kadi alinyoosha mgongo, akapumzisha mikono mapajani. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa gundi.

"Mto una watu wake, mwanangu. Hata tukiuandika vibaya, mtu ataamka kesho akaupime upya. Huyu ana mistari mitatu tu duniani, na yote mitatu ni ya kweli. Siku watu watakapogundua hiyo saba ni ya kutunga, hawataiamini hata ile mitatu. Watasema hakuwahi kuwapo. Na hapo ndipo atakapokuwa amekufa kweli, na sisi ndio tutakuwa tumemuua."

Koma aliinamisha kichwa juu ya karatasi iliyokuwa mbele yake. Machozi yakaanza kuidondokea. Bi Kadi akaivuta ile karatasi polepole kutoka chini ya uso wake.

"Lia pembeni," alisema, "hii itajikunja."

Koma akajifuta kwa mkono wa shati, akaenda kuleta gundi.